Mwisho wa Pantoni ya Mwezini

Kila alipotoka shule, Sitara alipenya kati ya mikokoteni na machinga wa Mtaa wa Kongo mpaka kwenye duka la vitenge la mama yake. Akishamwamkia mama na kula kilichobaki kwenye hotipoti, alipanda juu ya robota la vitenge, akafungua kitabu na kuanza kukasirika.

Alikuwa darasa la sita. Hakuna kitu alichokipenda kama riwaya za kisayansi, zile za vyombo vya angani, roboti na miji ya miaka mingi ijayo. Na hakuna kitu kilichomuudhi kama riwaya hizohizo.

"Mama, hawa watu wako angani mwaka wa pili sasa," alilalamika siku moja. "Hakuna aliyepika, hakuna aliyefua. Wanaishije?"

"Labda wamefunga," alijibu mama yake, Bi Shamsa, huku akimkunjia mteja kitenge.

"Miaka miwili, na daku hawali?"

"Basi wapelekee chapati. Kwanza shika ncha hiyo nipime."

Malalamiko yake hayakuisha. Katika kitabu kimoja, roboti lilijua lugha zote za dunia isipokuwa Kiswahili. Katika kingine, maadui walikuwa wamebakiza kidogo tu waiangamize dunia, mara shujaa akaamka kitandani. Kumbe alikuwa anaota. Hicho Sitara alikitupa chini ya meza, kisha akainama kukiokota kwa sababu kilikuwa cha maktaba.

Ndipo Mwalimu Athanas, mlezi wa klabu ya usomaji pale shuleni, alipoleta riwaya iitwayo Pantoni ya Mwezini. Humo, pantoni inaondoka Magogoni, lakini badala ya kuvuka kwenda Kigamboni, inapaa mpaka mwezini. Nahodha wake ni msichana, Zulekha, na abiria wanasukumana na kutaniana kama abiria wa Feri. Hatimaye, Sitara alijiambia, watu wa angani wanaoongea kama watu.

Tatizo ni kwamba nakala ilikuwa moja na wasomaji wengi. Mwalimu alichukua wembe, akakikata kitabu vipande vitatu na kukishona kila kipande kwa uzi. Aliyemaliza kipande alimpa mwenzake na kusubiri kinachofuata. Ijumaa kila mmoja angesoma maoni yake, na mwenye maoni bora angeiwakilisha shule kesho yake, kwenye siku ya usomaji huko Ilala. Sitara aliitaka nafasi hiyo kuliko sare mpya ya Idi.

Vipande viwili vya kwanza alivimeza. Cha pili kiliishia pabaya: mafuta yameibwa, pantoni imekwama katikati ya dunia na mwezi, na Zulekha amemjua mwizi lakini hajamtaja. Kipande cha tatu kilikuwa kwa Twaha, kijana mpole aliyesoma kwa kupitisha kidole chini ya kila mstari.

"Mambo, Twaha. Kipande kiko wapi?"

"Poa. Bado kidogo."

"Jana pia ulisema bado kidogo."

"Leo ni kidogo zaidi ya jana."

"Unazingua, bwana. Unasoma au unatafuna?"

"Patamu, Sitara. Nikikimbia patakwisha."

Alhamisi ikafika, kipande hakijafika. Sitara angeweza kumwambia Mwalimu. Lakini shule nzima ilijua kwamba Sitara amesoma kila kitu, na sifa ya namna hiyo ikishamkaa mtu kichwani, humkaba kama kofia ndogo. Akakaa juu ya robota na kalamu yake, amenuna.

"Umemaliza kitabu?" Bi Shamsa aliuliza.

"Karibu."

"Karibu anaambiwa mgeni. Umemaliza au hujamaliza?"

"Nimemaliza," Sitara alisema, bila kuinua macho.

Mwisho aliubuni mwenyewe. Si vitabu vyote hivi huishia mlemle?

Ijumaa, zamu yake ilipofika, alisimama na kusoma kwa sauti ya kutangaza. "Mwandishi alianza vizuri, lakini mwishoni alichoka. Zulekha anaamka, kumbe yote ilikuwa ndoto. Msomaji anabaki kama abiria aliyekata tiketi, halafu akaambiwa hakuna pantoni."

Wengi darasani walikuwa hawajafika kipande cha tatu, wakacheka na kupiga makofi. Mwalimu Athanas, aliyeujua mwisho wenyewe, alimtazama kwa juu ya miwani, akangoja. Twaha akanyoosha mkono.

"Samahani. Ndoto ipi?"

"Ya mwisho," Sitara alijibu.

"Mbona mimi sikuiona?"

"Labda ulikuwa umelala nayo," alidakia Zakayo wa dawati la nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Sitara aliuona mlango wa kutokea, akaupita mbio. "Imefichwa. Si kila msomaji anaweza kuiona."

Kicheko kiliongezeka. Twaha hakubisha. Alitoa kipande cha tatu kwenye mkoba, alichokuwa amekifunga kwa nailoni kisichafuke, akaanza kukipitia kutoka nyuma, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Alikuwa anaitafuta ndoto. Alikuwa amemwamini.

Hapo ndipo Sitara alipochomwa. Angebisha, majibu alikuwa nayo tele. Lakini kidole kile kilienda polepole, mstari kwa mstari, kikitafuta kitu ambacho yeye alikibuni juu ya robota la vitenge.

"Usitafute, Twaha," alisema kwa sauti ndogo. "Haimo."

"Si umesema imefichwa?"

"Haimo. Kipande hicho sijakisoma. Nilibuni."

"Kumbe fiksi," alisema Zakayo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu Athanas alivua miwani. "Kwa nini, Sitara?"

"Nilikasirika, Mwalimu. Kipande hakikunifikia. Na vitabu hivi vyote huishia hivyo."

"Hiki pia?"

Sitara alikiangalia kipande mkononi mwa Twaha. "Sijui."

"Sasa tunaanza kuelewana. Muombe radhi mwenzako. Kesho atakwenda Ilala yeye."

Sitara aliomba radhi. Nafasi aliyoitaka kuliko sare ya Idi ilikuwa imekwenda, na hakuwa na wa kumlaumu, jambo ambalo lilimkasirisha zaidi. Twaha ndiye aliyeogopa.

"Mimi peke yangu, Mwalimu? Mbele ya watu wote wale?"

Mwalimu alifikiri. "Basi Sitara akisome sasa hivi, hapahapa. Akimaliza aniambie anachofikiri kweli. Nikiridhika, mtakwenda wawili."

Wengine waliondoka. Sitara alisoma, na Twaha akamsubiri kwenye dawati la pembeni. Alipofunga ukurasa wa mwisho, uso ulikuwa umekunjamana.

"Bado nimechukia," alisema. "Mwizi analia mistari miwili tu, Zulekha anamsamehe, mafuta yanarudi, safari. Watu walikaribia kufa kwa kiu humo ndani. Hata wa kumfokea hakuna?"

"Hawakuwa na muda wa kufokeana," Twaha alisema. "Imeelezwa."

"Wapi?"

"Ulipita mbio."

Sitara alimsogezea kipande. "Nionyeshe."

Wakainamia ukurasa, kidole cha Twaha mbele. Sitara aliposoma sentensi ile alikubali kwamba imo, ila akasema imeandikwa vibaya. Twaha akasema imeandikwa vizuri sana. Wakaanza kubishana hasa.

"Kesho bishaneni hivyohivyo," alisema Mwalimu Athanas, akichukua funguo zake. "Na wewe Sitara, nisikilize. Kukichukia kitabu ni haki yako. Hata mimi viko ambavyo hatujapatana mpaka leo. Lakini wenzako wanayaamini maoni yako. Ukisemea usichokisoma, anayeumia kwanza ni yule anayekuamini, na umemwona leo akitafuta ndoto isiyokuwepo. Siku nyingine ukiwa hujamaliza, sema hujamaliza. Sijaona mtu aliyekufa kwa kusema hivyo."