Kasha la Bati na Jina la Bénie

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, debe la mafuta halitupwi. Mafuta ya msaada yakiisha, debe ndipo linapoanza kazi. Linakuwa taa. Linakuwa beseni. Linakuwa mlango wa nyumba. Hata ubao wa darasa langu umefungwa kwa vipande vya debe. Na fundi wetu wa madebe ni Zihindula.

Mimi ni mwalimu wa watu wazima. Hadithi hii nimewaandikia wanafunzi wangu walioanza kusoma juzijuzi. Ni habari ya kompyuta na kasha lake. Kasha ni lile sanduku linaloshika vyombo vyote vya ndani. Msiniambie, "Mwalimu, kompyuta inatuhusu nini sisi?" Someni kwanza.

Zihindula na mkewe Godelive ni watu wa Bukavu, lakini waliishi Bujumbura. Godelive alikuwa mpiga chapa ofisini. Mwaka wa tisini na tano walikimbia na wenzao kwa magari mawili. Gari la kwanza lilifika. La pili halikufika. Katika lile la pili alikuwamo mtoto wao wa pekee, Bénie, mwenye miaka minane, pamoja na shangazi yake Sabine.

Kambini majirani waliona aibu kuwaita Mama Bénie na Baba Bénie. Walisema Godelive, Zihindula, hivyo tu, kwa huruma. Godelive alikataa.

"Mi niko Mama Bénie," aliwaambia. "Muniite vile."

Kila asubuhi Godelive alikaa mlangoni na daftari. Watu walikuja kuandikisha jamaa zao waliopotea. Jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Walifika mia tatu na zaidi. Padri wa parokia yetu alikuwa na safari ya Kigoma. Aliahidi kuipeleka orodha hiyo kwenye makanisa na kambi za kule.

"Lakini iandikwe kwa mashine, mama," Padri alisema. "Ile ya mkono tuliyopeleka mwanzoni, watu walishindwa kuisoma."

Mashine ya kupiga chapa ya kawaida ingefaa, mtasema. Haikufaa. Kila wiki jina jipya liliingia, na kila wiki mtu alikuja kusema, "Futa, nimesikia amekufa." Ungeanza upya kila mara. Ilitakiwa kompyuta. Na parokia ilikuwa na printa, ambayo ni mashine ya kutoa maandishi kwenye karatasi. Wafadhili walituletea printa bila kompyuta. Msicheke. Msaada ndivyo unavyokuja.

Basi Godelive akauza cherehani yake. Yeye na mumewe wakaenda Lilongwe, soko la Tsoka, kwa mama mmoja wa Kindu anayeitwa Mauwa. Mauwa hununua mashine zilizokufa za maofisi na maghala ya Kanengo, mtaa wa viwanda. Huzifungua na kuuza vipande. Ulimi wake ni mkali kama pilipili, lakini hadanganyi mtu.

Aliwapa kadi kubwa ya kijani, ile ambayo ndiyo moyo wa kompyuta. Aliwapa diski ya kutunza maandishi, kisanduku cha kuleta umeme, feni, kioo cha kusomea maandishi na kibodi. Kisha akavuta kasha moja la chuma kutoka chini ya meza. Lilikuwa zito, limekwaruzika, linanuka tumbaku.

"Na hii," alisema Mauwa. "Njo nyumba ya vitu vyote hivi."

Zihindula akaligonga kwa kidole. Akacheka.

"Mama Mauwa, mi niko fundi ya bati. Hii ndude ya kunuka nitanunua ya nini? Nitatengeneza yangu, nzuri kupita hii."

"Ulishatengeneza ya ordinateri hata mara moja?" aliuliza Mauwa. Ordinateri ndiyo kompyuta kwa lugha yao.

"Bati ni bati, mama."

"Aya," alisema Mauwa. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Pesa ya kasha wakanunulia karatasi. Godelive alikubali. Alimwamini mumewe, na mimi pia ningemwamini. Mlango wa nyumba yangu ni kazi ya mikono yake.

Zihindula alikata madebe manne. Akayanyoosha, akayalehemu. Kasha likang'aa. Aliliziba pande zote, pasibaki hata tundu, kwa sababu vumbi jekundu la Dzaleka mnalijua. Ile kadi ya kijani akailaza juu ya bati, akaikaza kwa skrubu nne. Watu wakaja kutazama. Wakasifu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisifu kwa sauti kubwa, na leo nasema nilikuwa mjinga.

Jenereta ya parokia iliwashwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Siku ya kwanza kompyuta iliwaka. Ee, watu walipiga vigelegele! Godelive akaandika majina kwa kufuata alfabeti. Alifika herufi M. Kasha lilipata moto hata huwezi kuweka mkono, lakini nani alijali? Saa kumi na moja Zihindula akalifunga kwenye baiskeli, akalirudisha nyumbani wasije wezi.

Siku ya pili akalileta tena kwa baiskeli. Njia ya kanisani ina mashimo. Bati la debe ni jembamba. Lilibonyea chini kidogo, mahali pasipoonekana. Godelive akawasha.

Tulisikia *ta!* Ukatoka moshi mwembamba na harufu ya kuungua. Kioo kikawa cheusi.

Mzee mmoja Mrundi, Sinzinkayo, ambaye watoto wake watatu walikuwa kwenye daftari, alivua kofia kama mtu aliye msibani. Kisha akatoka.

Padri alikuwa aondoke baada ya siku kumi.

Siku hiyo na siku iliyofuata Zihindula hakugusa debe. Hakula. Nsima, yaani ugali wa huku, ilipoa mbele yake. Nilikwenda kumwona, nikamkuta ameketi chini, mgongo ukutani.

"Mwalimu," aliniambia, "jina yetu inaanza na Z. Ilikuwa ya mwisho kabisa. Haikuandikwa. Mi mwenyewe njo nimefuta mutoto yangu."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu."

"Niseme je? Cherehani hakuna. Mashini hakuna. Mutoto hakuna."

Sisi walimu tumezoea kuwa na jibu, lakini nawaambia, siku ile nilirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa. Godelive naye hakulia. Hilo lilinitisha zaidi. Alikaa na daftari magotini, akasema maneno machache tu.

"Baba Bénie, simama. Tupeleke hii maiti kwa Mauwa."

"Atatucheka."

"Acheke. Mi nimeshachekwa na dunia."

Wakapanda matola, yaani pikapu inayobeba watu na mizigo pamoja. Godelive alilipakata lile kasha njia nzima.

Mauwa alipoliona alicheka kweli. "Wallahi, umeniletea debe ya mafuta! Iko na mafuta ndani?" Kisha akaona macho ya Godelive.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Godelive akamweleza. Majina mia tatu. Padri. Herufi Z. Mauwa alisikiliza mpaka mwisho. Akavuta kigoda, akasema, "Kaeni. Bismillahi, tufungue."

Alijaribu kisanduku cha umeme. Kizima. Akajaribu diski kwenye mashine yake. Ilizunguka. Alipoitazama kadi ya kijani upande wa chini, akaona doa jeusi.

"Hii njo imekufa. Baba, lete kidole. Gusa hapa nyuma."

Zihindula akagusa. Nyuma ya kadi palichoma kwa vichwa vidogo vingi vya risasi ya kulehemu.

"Kila kichwa iko inapita umeme," alisema Mauwa. "Na bati inapitisha umeme. We umelaza kadi juu ya bati, kama mutu kwenye mukeka. Siku ya kwanza Mungu alikuhurumia, havikugusana. Bati ikabonyea, vikagusana. Umeme ikapita mahali haina ruhusa. Kwisha."

Akavuta lile kasha la chuma linalonuka tumbaku. Bado lilikuwa chini ya meza.

"Hii, tazama ndani. Unaona hii miguu midogo ya shaba? Kadi inasimama juu ya hii miguu. Chini yake inabaki hewa tu. Kasha bila miguu, usinunue. Na matundu ya miguu ikuwe sawa na matundu ya kadi. Pima kwanza, kadi mukononi. Usipime na macho."

Zihindula akapima. Matundu yalilingana.

"Weka goti hapa juu. Kamata pembe mbili, nyonga kama unakamua nguo."

Akaweka goti. Akanyonga. Chuma hakikutikisika. Mauwa akamwambia afanye vilevile kwa kasha lake la madebe. Likajikunja na kulia. Zihindula akageuza uso.

"Pitisha mukono ndani, pembeni. Inakukata?"

"Hapana. Wameikunja."

"Yako ingekata waya. Na hapa mbele, chini, kuna matundu. Hewa ya baridi inaingia. Feni iko nyuma, juu. Hewa ya moto inatoka. Yako, we uliziba yote. Hii kitu inapumua, baba. Ulifunga mutu pua na mudomo."

"Na vumbi?" aliuliza Godelive. "Kwetu vumbi ni mingi."

"Kata kipande ya chandarua, funika matundu ya mbele. Uifue kila juma. Vumbi inabaki nje, hewa inapita."

Zihindula aliinamisha kichwa. "Mama, umesema kweli yote. Lakini sina kitu. Sina hata ya kununua mguu moja ya shaba."

Mauwa akatazama juu. Paa la kibanda chake lilivuja, na mvua zilikuwa njiani.

"We si fundi ya bati? Paa njo kazi ya bati. Ordinateri si kazi ya bati. Nifungie paa na mufereji. Nitakupa kadi ya zamani, ya polepole. Kuandika majina haihitaji haraka. Na hii kasha chukua. Watu wote wanakimbilia yenye kung'aa, hii hakuna mwenye anaitaka."

Zihindula alifanya kazi siku tatu juu ya paa lile. Alipomaliza, Mauwa alimwaga ndoo nzima ya maji. Hakikudondoka hata kitone.

"Zikomo, Baba Bénie," alisema Mauwa, akimshukuru kwa Kichewa. Nasikia Zihindula alipoitwa hivyo alikaa chini palepale sokoni, akalia mbele za watu.

Wakarudi na matola. Kabla ya kufika kambini gari likaingia shimoni. Gunia la mahindi likaanguka juu ya kasha, na kasha likaanguka barabarani. Godelive alipiga yowe. Ndilo yowe la kwanza kulisikia kwake, alisema mumewe. Walifika kwangu midomo imekauka. Tukafungua kasha mezani. Nje, pembe moja ilikuwa imebonyea. Ndani, kadi ilisimama juu ya miguu yake. Hakuna kilichogusa kitu.

Tukalipeleka kanisani, jenereta ikawashwa. Tulingoja. Kadi ilikuwa ya polepole kweli, na mzee Sinzinkayo alianza kusali kwa sauti. Kioo kikawaka. Diski ilikuwa imetunza majina yote, kutoka A hadi M.

Godelive aliandika siku mbili. Jina la mwisho aliliandika taratibu, kidole kimoja kimoja: *Zihindula Bénie, miaka minane, gari la pili.* Padri akaondoka na nakala ishirini.

Mngependa niwaambie kwamba mtoto alipatikana. Mimi pia ningependa. Baada ya miezi mitatu majibu yalikuja kutoka Kigoma. Watu kumi na mmoja walikuwa wamepatikana. Mmoja wao ni binti wa Sinzinkayo. Mzee alicheza ngoma barabarani na kofia yake mkononi. Habari za Bénie hazikuwamo. Habari za shangazi Sabine hazikuwamo.

Zihindula amerudi kwenye madebe yake. Anatengeneza taa na milango. Parokia ya pili ilipotaka kuunda kompyuta yao, walimwita. Hakuchukua mkasi wala nyundo. Aliwapeleka Tsoka, akawaambia, "Weka goti hapa. Tafuta miguu ya shaba. Sasa tafuta mahali pa kupumua." Godelive hufua kile kipande cha chandarua kila Jumamosi. Kasha lina kovu la gunia la mahindi, na bado linanuka tumbaku. Mashine haijaharibika hata siku moja.

Majina mapya yanaingia. Waliopatikana wanafutwa. Mwezi uliopita nilikwenda kanisani kumsalimu Godelive, nikasimama nyuma yake. Aliteremka hadi mwisho wa orodha, akafuta neno moja. Kisha akaandika jingine mahali pake.

"Unarekebisha nini, Mama Bénie?" niliuliza.

"Leo ametimiza miaka tisa, Mwalimu," alisema.