Upande wa Ukutani

Gauni la buluu lilikuwa limerudi kabatini. Veralyn alilikunja mwenyewe jana jioni, akaliweka sandukuni juu ya viatu vipya, akafunga zipu. Asubuhi hii lilikuwa linaning'inia mahali pake pa siku zote, na sanduku lilikuwa kitandani, tupu, mdomo wazi.

Hakushtuka. Tangu wamzike mumewe, Hezron, hakuna kilichomshtua. Alisimama akilitazama lile gauni, akajiambia labda amelitoa mwenyewe akiwa usingizini, akalikunja upya. Kisha akaenda jikoni kukaanga samaki, akamsahau samaki mpaka moshi ulipomkumbusha.

Kwa miaka mingi Veralyn aliuza kofia za ukindu langoni mwa bandari ya Montego Bay. Meli za watalii zilisimama pale zikiyazidi mapaa ya mji kwa urefu, na watu wakashuka wamevaa kaptura, wameiva kwa jua, wakamuuliza kama kofia zake zinakunjika. Aliwauzia, akawatania, akawaona wakipanda tena. Yeye hakuwahi kukanyaga ngazi ya meli hata moja. Sababu ilikuwa Hezron. Fundi cherehani yule hakumwogopa mbwa wala polisi, lakini bahari aliiogopa. "Maji nisiyoyaona mwisho wake siyaingii," alikuwa akisema. "Na wewe huendi popote peke yako." Kisha, akiona uso wa mkewe umebadilika, huongeza kwamba labda mwakani. Mwakani ulikuja mara nyingi. Januari hii moyo wa Hezron ukasimama akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu ungali kwenye kanyagio.

Binti yao Petrona, aliye Toronto, ndiye aliyelipia safari. "Mama, nenda ukapunge upepo," alisema kwenye simu. "Miaka yote umewaona wenzako wakisafiri." Veralyn akasema sawa, kwa sauti ile ile anayoitumia akiulizwa kama chai yake iwekwe sukari.

Aliyefurahi ni jirani yake Icilda, ambaye naye alikuwa anasafiri kwa meli hiyo hiyo na mumewe Cleveland. Kila jioni Icilda alivuka ua kuja kupanga: vidonge vya kichefuchefu, kofia ya juani, nguo ya usiku wa karamu ya nahodha.

"Shoga, chakula ni bure mchana na usiku," alisema, akijipepea. "Cleveland ameshaanza kujinyima. Nimemwambia atakufa njaa kabla ya kuiona hiyo meli."

"Vizuri," Veralyn alisema.

"Vizuri nini? Nimekwambia nabaki mjane."

Kisha akaona neno lililomtoka, akajiziba mdomo. Veralyn alimwambia asijali, na kweli yeye hakuumia. Hapo ndipo penyewe palipokuwa pabaya. Hakulia hospitalini, hakulia kaburini, na alipojibana mkono jikoni kujijaribu alihisi kana kwamba anabana mkono wa mtu mwingine.

Nguo ziliendelea kurudi. Alipanga jioni, akazikuta kabatini asubuhi, na sasa aliona jambo ambalo siku ya kwanza halikumwingia: kila ndoano ya kitundikio ilielekezwa nje. Yeye hutundika ikielekea ndani. Aliyekuwa akielekeza nje, na kumgombeza mwenzake kwa kutofanya hivyo, ni Hezron.

Ukaja mchana wa joto, Veralyn akajilaza kupumzika upande wake wa ukutani, dirisha wazi, jua likiwa limejaa chumbani, na nje kuku wakiparura kama kawaida, ndipo akasikia kanyagio la cherehani likienda sebuleni, taratibu, kisha likaacha, na baada ya kimya kidogo ikaja harufu ya ile dawa ya ramu na karafuu ambayo marehemu alijipaka kila aliponyoa ndevu, mwanzoni hafifu, halafu nzito mpaka ikamkaa kwenye ulimi, na nyuma yake zikaja nyayo zinazoburuta kandambili, zikapita mlangoni, zikazunguka kitanda, zikasimama, na godoro la upande wa pili likabonyea polepole kwa uzito wa mtu anayeketi, anayeinua mguu mmoja, anayeinua wa pili, anayenyooka na kushusha pumzi.

Veralyn hakugeuka. Alihisi kitu, akashindwa kukijua ni nini. Kilikuwa kidogo sana, na uzito ulipoondoka nacho kikaondoka.

Alimsimulia Icilda kwa kunong'ona, wote wawili wamesimama uani mbali na ukuta.

"Usiku wa tisa wa matanga," Icilda alisema chini chini, "majirani walipokuja kugeuza kitanda, si uliwazuia?"

"Nilichoka. Niliwaambia kabati ni zito, waache."

"Vera. Mtu anakufa, usiku wa tisa unakibadilisha chumba ili asikijue, aende zake. Wewe umemwachia kama alivyokiacha. Na zile chupi nyekundu nilizokununulia?"

"Zimo kwenye mfuko wake."

"Zimo kwenye mfuko! Ndiyo maana analala kwako kama kwake. Mjane huvaa nyekundu marehemu asimguse, si kwa urembo, bibi wewe." Akatazama nyuma, akashusha sauti zaidi. "Hataki uende. Lakini ukishapanda meli umepona. Mzimu hauvuki maji ya chumvi. Na huyu hakuyavuka hata alipokuwa hai."

Kesho yake wakamleta Mama Pinnock wa kanisa la uamsho, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe na penseli imechomekwa ndani yake. Hakuuliza mengi. Alimwamuru Cleveland asukume kabati hadi penye dirisha la pazia refu, kitanda kikageuzwa kichwa kikawa miguuni, godoro likapinduliwa, cherehani ikafunikwa na kugeuzwa ielekee ukutani. Akanyunyiza ramu nyeupe kwenye pembe nne, akapiga mguu chini.

"Hezron Tulloch, chumba hiki hukijui. Mwanamke huyu humjui. Nenda ulikoitwa."

Akamgeukia Veralyn. "Atarudi kuchungulia. Akikosa alama ataondoka mwenyewe. Lakini usimwonyeshe hata moja, mwanangu, wala usimtajie ulipo. Ukimwita wewe, mimi simwezi tena."

Nguo zikakaa sandukuni. Nyumba ikatulia. Icilda akashukuru Mungu, akarudi kwenye habari za karamu ya nahodha. Veralyn alilala katikati ya kitanda kilichogeuzwa, akaamka, akanywa chai, akafunga zipu ya sanduku. Ule ukavu wa moyoni ukawa mnene kuliko mwanzo, na sasa alikijua kile kitu kidogo alichokihisi godoro lilipobonyea. Alikuwa amemkumbuka mumewe.

Asubuhi ya safari, teksi ikipiga honi na Icilda akimwita kwa jina kutoka barabarani, alisikia kandambili chumbani. Zilikwenda huku, zikarudi. Kitu kikajigonga kwenye kabati. Kiganja kikapapasa ukuta pale kilipokuwa kitanda zamani, kikipapasa chini na juu, cha mtu aliyepotea nyumbani kwake mwenyewe.

Alijua alivyoonywa. Alisimama mlangoni na sanduku lake mkononi.

"Hezron," alisema. "Naenda melini. Nitalala ukutani."

Kupapasa kukakoma.

Chumba chake cha melini kilikuwa na vitanda viwili vyembamba vilivyoachana. Alimwomba kijana wa vyumba aviunganishe.

"Mko wawili, mama?"

"Labda," alisema.

Kijana alipotoka, alivua viatu, akajilaza upande wa ukutani. King'ora kililia, sakafu ikaanza kutetemeka, na kwenye dirisha la duara vilima vya Montego Bay vikasogea. Harufu ya karafuu ikaja. Kitanda kikabonyea. Vidole baridi vikapapasa shuka, vikaupata mkono wake, vikaushika, na vilikuwa vinatetemeka, kwa sababu maji yalikuwa pande zote, maji yasiyo na mwisho, na hata hivyo alikuwa amekuja. Hapo Veralyn akalia. Alilia ya hospitalini na ya kaburini na ya samaki aliyeungua, na ilikuwa raha kubwa.

Mlango ukagongwa. "Vera! Twende kula, shoga, kamba wamejaa huku hujapata kuona."

"Nakuja," aliitika, akajifuta macho kwa mkono ulio huru. Akauvuta ule mwingine.

Vidole havikuachia.

Akavuta tena. Havikutetemeka tena. Vilikaza mpaka mifupa ikasogeana, na uzito wote wa upande wa pili ukaanza kumsogelea, taratibu, ukimbana ukutani, na karafuu ikamjaa puani na kooni mahali pa pumzi, na sauti aliyoijua ikasema sikioni kwake, kwa upole, "Na wewe huendi popote peke yako."

Hofu ikamwingia, yote kwa mara moja, hofu hai, na hakuwa na sauti ya kuitoa.

Icilda alingoja kidogo nje ya mlango. Kisha akamwambia mumewe kwamba Vera amepitiwa na usingizi, wamwache apumzike, wakaenda kula.