Mitutu ya Mjane

Mmenichosha na kisa hiki. Nasema mara moja tu. Shemeji yangu, fundi wa bunduki, aliletewa na mjane bunduki kuukuu ya Kijerumani yenye mitutu miwili sambamba. Akaining'iniza mitutu kwa kamba, akaigonga. Ikalia kama kengele, ishara ya chuma kizima.

"Mama, imepasuka hii. Niachie niiyeyushe."

"Masikio yangu si pambo, fundi. Nimeisikia."

Lakini mwenye njaa hachagui. Akamwachia kwa bei ya bure.

Fundi akaigonga tena: kimya. Akagonga nyundo kwenye nondo: kimya. Mkewe akamwita toka jikoni, fundi akamsikia vizuri. Akairudisha bunduki mbio, haikusaidia. Alilipa kwa ufundi wake, maana asiyesikia chuma atapima nini? Leo sufuria ikianguka, sisi tunaruka, yeye anaendelea kunywa chai.