Mwamuzi wa Lango la Kumi na Saba

Skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ni ndefu kuliko watu wengi wanaozibeba, na aliyeziweka begani hana macho kisogoni. Ndivyo Afra Stecher alivyogeuka ghafla ndani ya soko la mji wa Innsbruck, Jumamosi saa tano asubuhi, watu wamebanana kati ya meza za jibini na nyama za moshi, na ncha za skii zake zikalipiga bakuli la supu kutoka mikononi mwa mwanamume asiyemjua. Supu yote ikaishia kwenye koti la sufu la kijivu. Donge la mkate na nyama likabingirika mpaka chini ya kibanda cha samaki.

"Mama yangu! Samahani kaka, sikukuona."

Mwanamume aliangalia koti lake, akaangalia donge lake linavyokwenda, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali, "Ndani ya jengo, skii hubebwa wima, mbele ya kifua. Kanuni ya nne, kifungu cha pili."

"Kanuni za nani hizo?"

"Za mashindano ya kimataifa ya walimu wa skii. Nimeziandika mimi."

Afra alicheka mpaka muuza jibini akaacha kupima. Alikuwa na koti jekundu la walimu, kofia ya sufu ya manjano na msuko mmoja mnene ulioangukia kifuani. Uso wake ulikuwa umeungua kwa jua la mlimani, isipokuwa pale miwani inapokaa, ambapo alikuwa mweupe kama maziwa. Mwanamume alijitahidi kubaki na hasira, akashindwa.

"Jina lako nani, mwandishi wa kanuni?"

"Bwana Haidacher."

"Bwana! Makubwa haya."

"Hapa tuko chini. Mlimani, ukipita kimo cha mita elfu moja, hakuna mabwana wala mabibi, unajua mwenyewe. Ukinikuta huko juu naitwa Romed."

"Haya, Bwana Haidacher. Kesho saa nne niko mita elfu moja na mia nne, nafundisha watoto wasiojua hata kufuta kamasi. Njoo nikulipe supu yako."

Romed akaenda. Alikwenda pia Jumapili iliyofuata, na kabla theluji haijayeyuka mwaka ule, Romed Haidacher, karani wa chama cha walimu wa skii, mtu aliyepanga hata soksi zake kwa tarehe, alikuwa ameacha mswaki wake kwenye chumba cha Afra ng'ambo ya mto. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sisi wa mji huu tuliwaona wakishikana mikono darajani, tukawaona wakigombea kipande cha mwisho cha andazi la kabichi sokoni, na hakuna aliyekuwa na shaka. Mchana kutwa simu zilikuwa zikilia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kifungu cha tisa. Kimenikwama kooni."

"Wewe utakufa kwa karatasi, wallahi! Nakuletea supu. Lakini nitaibeba wima, mbele ya kifua."

Desemba, Vroni, mwalimu mwenzake Afra, alikuja mbio hadi kwenye kibanda cha walimu, hata viatu hajavua.

"Shoga, nimemwona Romed kwa sonara! Ametoka na kifuko kidogo, anakishika kama kifaranga."

"Acha uongo wako."

"Nife! Jiandae, bibi harusi."

Afra alijiandaa. Siku ya Krismasi alivaa gauni la kijani lenye kifua cha kamba, akakaa chakula kizima ameweka mikono juu ya meza ili isiwe taabu kuipata. Romed akamsifia bata. Mwaka mpya ukaingia, kimya. Akatimiza miaka thelathini na sita, akapewa glavu nzuri sana. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alijitazama kwenye kioo akitafuta kasoro iliyomfanya mwanamume anunue pete halafu aghairi.

Machi mashindano yale ya walimu yakaja Innsbruck kwa mara ya kwanza. Walimu wa nchi ishirini na sita waliandamana mjini na bendera zao, Wajapani na makoti ya samawati, Waargentina wakiimba, Waslovenia wakipiga tarumbeta. Afra alikuwa kwenye timu ya nyumbani. Mara mbili huko nyuma alikuwa amemaliza wa nne, na umri wake ulimwambia kwamba hii ni ya mwisho. Romed alikuwa mkuu wa waamuzi wa malango, zile jozi za fito ambazo skii zote mbili lazima zipite katikati yake, cheo alichokingoja miaka sita.

Walimu wana desturi moja: karatasi zote za mashindano hubandikwa ubaoni, namba, muda, hata viapo vya waamuzi, kila apitaye azisome. Jumatano mchana Afra alikwenda kutafuta namba yake. Pembeni aliona mwandiko anaoujua. Kiapo cha mwamuzi mkuu wa malango. Mstari wa tatu uliuliza kama kati ya washindani yumo mke wake, mchumba aliyevishwa pete, mzazi, mtoto au ndugu. Romed alikuwa ameandika neno moja: Hakuna.

Akampigia palepale, katikati ya Wajapani wanaopiga picha orodha.

"Romed, niko mbele ya ubao."

"Namba zimetoka? Umepata ngapi, mpenzi?"

"Ishirini na mbili. Ila nasoma karatasi yako."

Romed alikohoa. "Isome vizuri, Afra. Mchumba aliyevishwa pete. Mimi ndiye niliyeandika mstari huo. Hapo hakuna uongo."

"Ndicho kinachoniuma, kwamba hakuna uongo. Pete iko wapi?"

"Pete gani?"

"Usinifanye mtoto. Vroni alikuona kwa sonara Desemba."

Upande wa pili wa simu mlango ulisikika ukifungwa.

"Iko kwenye droo," Romed akasema. "Jumamosi, baada ya kugawa medali, nilitaka kukuvisha mbele ya watu wote. Ningekuvisha mapema ningelazimika kujiondoa. Nielewe, mpenzi. Miaka sita, na mashindano yamekuja nyumbani kwetu! Zimebaki siku tatu tu."

"Kwako siku tatu. Mimi nimekaa tangu Krismasi najiuliza nina ubaya gani. Kumbe nilikuwa nasubiri ratiba."

"Si hivyo, Afra..."

"Mji mzima unajua mimi ni wako. Karatasi yako peke yake ndiyo haijui."

Akakata. Romed alipiga mara kumi na moja, kisha akaenda ng'ambo ya mto na kukuta mswaki wake umefungwa kwenye mfuko, umetundikwa kwenye kitasa cha mlango. Hapo angeweza kurudi ubaoni, akafuta neno moja na kuandika jingine. Nasema angeweza, maana ofisi ilikuwa wazi mpaka saa kumi na moja. Hakwenda. Alijiambia Jumamosi itaponya kila kitu, na nani kati yetu hajawahi kujidanganya hivyo?

Jumamosi ule upepo wa joto wa kusini uliamka, upepo unaotuumiza vichwa na kuigeuza theluji kuwa uji. Mwamuzi wa lango la kumi na saba alishikwa na kipandauso, akaletwa chini akitapika. Hakukuwa na mwingine. Romed alichukua kadi na penseli, akapanda kusimama pale mwenyewe.

Namba ishirini na mbili alipotokea juu, Romed alimjua kwa magoti kabla hajaiona namba. Afra alishuka vizuri kuliko siku zote, msuko unapepea nyuma, hasira yote ya wiki ile ameiingiza miguuni. Kwenye lango la kumi na saba theluji laini ilimvuta. Skii ya kulia ilipita ndani ya fito. Ya kushoto ilipita nje. Ilikuwa kufumba na kufumbua, akaendelea, na watu kule chini wakapiga kelele za shangwe: wa tatu!

Kanuni aliyoiandika Romed kwa fahari kuliko zote ilisema palipo na shaka, haki apewe mshindani. Kwa hiyo aliitafuta shaka. Aliitafuta kama mtu anayejipapasa mifuko yote kutafuta ufunguo. Akainama kwenye theluji: alama moja ndani ya fito, alama moja nje. Akaandika namba 22, akachora alama zile mbili kwenye kadi, akakandamiza mpaka penseli ikavunjika.

Chini, jina la Afra lilikaa nafasi ya tatu kwa dakika nne, kisha likaondolewa. Kiongozi wa timu, mzee mmoja mwenye sauti kubwa aitwaye Gidi, aliwasilisha malalamiko kabla ya robo saa kwisha. Jopo likakaa kwenye ukumbi wa chakula wa shule ya skii, sahani za mchana bado ziko mezani. Mwenyekiti alikuwa Jerneja Kobal, mwanamke Mslovenia mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na kando yake Mjapani na Mwargentina. Hao walikuwa wageni, hawakuwahi kuwaona wale wawili darajani.

"Bwana Haidacher," Jerneja aliuliza, "una shaka yoyote kuhusu ulichokiona?"

"Sina."

Gidi akapiga meza. "Theluji ilikuwa uji! Ataonaje?"

"Ameonyesha alama," Jerneja akajibu. "Kama hakuna jingine, kosa linabaki."

"Lipo jingine," Romed akasema.

Alikuwa amesimama, jasho linamtoka ndani ya koti lake jipya la waamuzi lenye mstari wa fedha. Afra alikuwa dirishani, bado na namba kifuani, macho yake kwenye vidole vyake. Tangu Jumatano hawakuwa wamesemeshana.

"Kifungu cha kumi na mbili," Romed akasema. "Mwamuzi akiwa na mchumba kati ya washindani, alichoandika juu ya mshindani huyo kinafutwa chote. Namba ishirini na mbili ni mchumba wangu. Futeni kadi yangu. Muda wake ubaki."

Gidi, aliyejua kila kitu, aligeuka kumtazama Afra.

"Lakini uliapa kwamba huna," Jerneja akasema polepole. "Unajua maana yake kwako?"

"Najua."

"Bibi Stecher. Ni kweli? Huyu ni mchumba wako?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angelisema, medali ingekuwa yake, ile aliyoikosa mara mbili. Na lilikuwa lile lile neno alilokuwa amelitamani tangu Desemba, sasa mwanamume mwenyewe amelitamka mbele ya watu. Romed alimtazama kwa macho ya kuomba. Afra aliogopa kwamba atalia mbele ya wageni.

"Hapana," akasema. "Hajaniposa."

"Afra!" Gidi alinong'ona. "Mwanangu, una wazimu?"

"Mjomba, lango nililikosa. Niliisikia fito ikigusa goti la upande usiofaa. Bwana Haidacher aliona sawasawa, yeye huwa anaona sawasawa." Alianza kufungua kamba za namba yake. "Mimi si mchumba wake. Andikeni hivyo."

Waliandika hivyo. Kosa likabaki, na medali ya shaba ikaenda kwa msichana wa Kijapani aliyekuwa analia kwa furaha bila kujua imetoka wapi. Jerneja alimwambia Romed kwa upole kwamba ama kiapo chake kilikuwa cha uongo ama kauli yake ya leo, na kwa vyovyote vile hawezi kuendelea. Romed alivua koti lenye mstari wa fedha, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya meza kati ya sahani chafu.

Saa tisa na nusu Afra alikuwa kwenye treni ya kuelekea magharibi, kwa dada yake, gauni la kijani limekunjwa ovyo begini. Treni haijatoka stesheni simu ikalia. Aliiacha ilie, halafu akaipokea, maana alikuwa bado anampenda na hakuona sababu ya kujificha.

"Uko wapi?" Romed alikuwa anahema. "Nimekwenda kwako, Vroni anasema umeondoka. Pete ninayo hapa, Afra, mkononi. Shuka, nakuja mbio, niko darajani."

"Usikimbie, utaanguka."

"Niambie kwa nini ulikataa! Nilikuwa tayari kupoteza kila kitu."

"Nilijua. Nilikuona." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama wanafunzi wake. "Lakini ulisema uongo ili unipe medali, Romed. Ukweli ulikuwa nao tangu Desemba kwenye droo, hukunipa."

"Nakupa sasa. Sikia, nakuomba rasmi, hapa barabarani, watu wananiangalia. Afra Stecher, utakubali nikuoe?"

Filimbi ilipulizwa, milango ikafungwa. Afra alifumba macho. Alitaka kusema ndiyo, na mwili wake wote ulitaka kushuka.

"Ungeniuliza Jumatano, ningekubali kabla hujamaliza," akasema. "Ungeniuliza hata Ijumaa. Leo huna cheo, huna mashindano, huna kinachokuzuia. Ndipo umenikumbuka."

"Si kweli kwamba sikukukumbuka."

"Labda. Lakini sitajua kamwe, mpenzi wangu, na siwezi kulala kila siku kando ya swali hilo."

Treni iliondoka. Romed aliendelea kuongea, akaomba, akaita jina lake, na Afra alimsikiliza mpaka handaki la kwanza lilipokata mawasiliano. Kisha akalia kwa sauti bila kuona haya, na mama mmoja aliyeketi mbele yake, asiyemjua, akamshika mkono mpaka stesheni ya Landeck.