Mkeka juu ya Tope la Thames

Hatua kumi za mwanzo tope lilimbeba Shaame. Ya kumi na moja likammeza mpaka mapajani.

"Mama Miska!" aliita. "Nimenasa!"

Ilikuwa Januari ya mwaka 1997. Baridi ilikuwa imegandisha mabwawa yote ya kwao Edmonton, kaskazini mwa London, na bata adimu waliotoka Urusi wakahamia Mto Thames, ambako maji hayakuganda. Shaame, karani mwenye wazimu wa ndege, alikuwa amewaburura mkewe Jokha na binti yao Miska mpaka vinamasi vya mashariki ya London kumtafuta bata mmoja mweupe. Na alimwona kweli. Akataka kumwona kwa karibu zaidi. Tamaa hiyo!

Jokha aliyatazama maji. Yalikuwa yanajaa, yamebakisha hatua kama thelathini kumfikia mumewe.

"Miska, kimbilia simu ya barabarani, uite zimamoto. Usiteremke huku hata ukinisikia nalia."

"But Mum—"

"Nenda!"

Mfa maji haachi kutapatapa, na mfa tope ni vivyo hivyo. Kila Shaame alipovuta mguu, alizama zaidi. Jokha alivua koti, akatwaa mkeka waliokuja nao wa kulia chakula, akautandika juu ya tope, akalala kifudifudi. Baridi ilimpiga kifuani hadi pumzi ikamkatika. Akatambaa kwa viwiko, akiusogeza mkeka mbele kidogo kidogo. Tangu ana miaka saba alifuatana na mama yake kuokota kombe, chaza wa kuliwa, kwenye matope ya mikoko, lakini hapa London, miaka kumi na miwili ya kusafisha ofisi za watu, hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini.

"Usivute! Kaa kitako, kama unakaa kitini. Haya, lala chali."

"Nitazama!"

"Anayezama ni aliyesimama. Lala, bwana!"

Akalala. Jokha alichimba kwa mikono pembeni mwa paja ili maji yapenye. "Tikisa kisigino. Taratibu. Kiatu kiache." Mguu wa kwanza ukatoka. Wa pili ukakataa. Maji yakafika mgongoni mwa Shaame, kisha masikioni. Jokha aliogopa, aliogopa mno hata akamtukana mumewe pamoja na bata wake. Akachimba tena, vidole vimekufa ganzi. Tope likakoroma, likauachia mguu.

Wakabingirika hadi ukingoni.

Zimamoto walipofika na Miska, waliwakuta wameketi juu ya ukuta wa mto, tope tupu, Shaame pekupeku ndani ya koti la mkewe. Pale aliponasa palikuwa maji matupu. Mkuu wao alipatazama, akauliza ametokaje. Shaame, meno yakimgongana, akamwonyesha mkewe.

Mkuu akamgeukia Jokha kwa heshima, akamuuliza kazi hii aliisomea wapi.

Miska alifungua kinywa amjibie mama yake, kama alivyomjibia siku zote kwa daktari na benki. Jokha alimzuia kwa mkono. Akasimama, akaweka mtandio wake vizuri.

"Pemba," alisema mwenyewe, na akamtajia hadi kijiji.