Mbonyezo wa Sitini na Tatu

Kila alasiri baada ya shule, Bi Ndoto alipitia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana mwalimu akiuliza swali, yeye yuko mawinguni. Siku moja mezani ilisimama taa ya kuvukia barabara, yenye kompyuta ndogo tumboni. Kesho yake ingewekwa mbele ya shule.

"Bonyeza kitufe mara mia," shangazi alimwambia. "Taa nyekundu ya magari iwake kabla ya sekunde tatu kwisha. Andika unachokiona."

Alibonyeza, akatazama saa ya kuhesabia, akaandika. Sekunde mbili. Mbili. Mbili tena. Jua lilipenya dirishani, vumbi likaelea taratibu, na ile taa ikawa mwezi mwekundu unaochomoza na kuzama. Bi Ndoto akajiona yuko huko juu, anatembea miguu mitupu.

Aliposhtuka, alikuwa kwenye mbonyezo wa sitini na tatu. Saa ilionyesha sekunde tano. "Ni mimi tu huyo, nimechelewa kuisimamisha," alijiambia kwa aibu. Akaandika mbili, akaendelea hadi mia.

Shangazi aliipitia karatasi akitabasamu. "Safi. Kesho mdogo wako atavuka kama bwana mkubwa."

Bi Ndoto akamwona akilini mdogo wake wa darasa la kwanza, mkoba unamfika magotini, anaingia barabarani bila kutazama. Akaishika ile karatasi. "Shangazi, ya sitini na tatu niliandika uongo. Ilikuwa tano. Nilikuwa naota."

Shangazi hakufoka. Alivuta kiti, wakaanza upya pamoja. Mbili, mbili. Kisha, mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ulipofika juu kabisa, wakabonyeza. Tano.

"Kumbe," shangazi alinong'ona. "Kila dakika ikianza, kompyuta inaandika kumbukumbu zake. Ukibonyeza wakati huohuo, haikusikii. Nayo inaota, kama wewe."

Wakacheka mpaka machozi. Shangazi akairekebisha, kitufe kitangulie kazi nyingine zote, wakabonyeza mara mia tena, hasa dakika ilipoanza. Kila mara, sekunde mbili.

Asubuhi mdogo wake alibonyeza kitufe. Bi Ndoto akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili. Magari yakasimama.

"Kuota si kosa, mwanangu," shangazi alisema, wakimtazama akivuka. "Kosa ni kuandika namba uliyoitamani. Siku nyingine ukipitiwa, andika 'sikuona', turudie."