Kilichokula Pamoja na Mbwa

Mbwa alikuwa amefumba mdomo, lakini alisikika akibweka. Mfunza mbwa alisimama langoni kwa dada yake, mchana kweupe, akalitazama vizuri lile jibwa lililolala bandani. Taya halikusogea. Sauti ilitoka kwenye sufuria lake la chakula, nalo lilitikisika peke yake.

"Umesikia, kaka?" dada yake alinong'ona. "Mbwa akipigwa, hicho kilichomo sufuriani ndicho kinachoshiba."

"Nimekwambia uondoke hapa."

"Nimemlea tangu akiwa kitoto. Nimwachie huyu?"

Huyu alikuwa mumewe, fundi wa kuchomelea, aliyekuja kutoka karakana na nondo mkononi. Alikuwa na utaratibu wake: mbwa achapwe kwanza, ndipo ale, apate kuwachukia watu.

"Karibu shemeji," alisema akicheka. "Mbwa wako wewe, hata mwizi wanampisha apite."

"Wangu wakiambiwa waachie, wanaachia. Huyu ulimfundisha kuachia lini?"

Fundi alipenyeza nondo kati ya vyuma vya banda akapiga. Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda, komeo la banda likajifungua lenyewe, na mbwa, macho yake yakiomba msamaha huku miguu ikimpeleka asikotaka, kana kwamba kuna mtu amemshika ukosi na kumsukuma, akamrukia yule aliyemlea, akamuuma mkono na kuung'ang'ania.

"Usivute," kaka yake alisema kwa sauti ya chini. "Ukivuta, nyama inachanika. Simama tu. Usimtazame machoni."

Alivua mkanda wake, akazunguka nyuma ya mbwa, akaupitisha chini ya shingo na kuanza kuupandisha polepole, bila kumtikisa, bila kumpiga, akingoja pumzi impungukie mnyama mpaka taya lilegee lenyewe, na wakati wote huo sufuria lilibweka kwa furaha.

"Shemeji, weka nondo chini."

"Niache nimmalize."

"Ukimpiga anazidi kuuma. Iweke chini."

Fundi akapiga.

Siku zote alikuwa amezoea joto kupanda kwenye chuma, lakini kilichopanda safari hii kilikuwa baridi. Kilipita kwenye nondo, kikaingia kiganjani, kikapanda mkono mpaka begani, na kilipofika kifuani sufuria likanyamaza, mbwa akaachia, akajilaza akilia kama kitoto, na kubweka kukaanza upya, safari hii nyuma ya mbavu za fundi, midomo yake ikiwa imefumbwa kabisa.

"Usikimbie," kaka alinong'ona. "Rudi nyuma taratibu."

Walitoka hatua kwa hatua, mkono wa dada umefungwa kwa shati la kaka yake, mbwa akijikokota kati yao. Wakalifunga lango kwa nje, fundi akabaki ndani.

"Maji na sabuni kwanza," kaka alisema, "halafu hospitali, moja kwa moja."

Ndani, kitu kikakwaruza bati la lango.

"Mke wangu," sauti ikasema kwa upole. "Fungua. Sikufanyi kitu."

Dada akasimama. Ndivyo mumewe alivyozoea kusema mlangoni, kila alipomaliza kumpiga.

"Jini limeshayajua maneno yake," alisema.

"Au ni yeye mwenyewe."

"Sioni tofauti, kaka," akasema, akabana kufuli kwa mkono mzima.